Nilifanya Sevisi Mwenyewe, Sasa Gari Lina Nyuki na Mke Yuko Puge

Shikamoo Mama Mwanamkuu. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda uani kwangu hapa Cheyo, Tabora mjini, karibu na gari langu, kwa sababu ndani ya gari siwezi kukaa na ndani ya nyumba sina wa kukaa naye, na naomba usinicheke mapema, soma kwanza hadi mwisho, halafu kama ni kucheka utacheka ukishanipa jibu.

Mimi ni mwanamume wa makamo, nina duka la pembejeo za kilimo, na marehemu baba yangu alikuwa mrina asali kule Sikonge, kwa hiyo nyuki niliwajua kabla ya kujua kusoma. Mwaka jana nilinunua pikapu ya milango minne, mpya kabisa, siyo ya mtumba, kutoka kampuni moja yenye tawi Mwanza, wakaniambia udhamini wake utakuwa hai ilimradi kila sevisi niifanyie kwenye gereji yao. Sevisi ya kwanza nikaenda kwa heshima zote, mimi na mke wangu Recheli, tukalala gesti, tukakalishwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi tukinyweshwa kahawa, na walipoleta bili nikaona mstari umeandikwa "ukaguzi wa macho" na pembeni yake bei ambayo kwangu dukani ni mifuko miwili ya mbolea. Nikamuuliza kijana wa mapokezi ukaguzi wa macho ndiyo nini, akasema, "Fundi ameliangalia gari, mzee." Nikamuuliza ameona nini, akasema hakuona tatizo lolote. Mama, nimemlipa mtu aangalie na asione kitu, wakati mimi macho ninayo, na ya kwangu yangeshindwa kuona kitu bure.

Nilirudi Tabora njia nzima nikiongea peke yangu, Recheli pembeni ananiambia, "Baba Eliya, si ndiyo bei ya gari jipya, ulitaka wakuangalizie kwa mkopo?" nami ndiyo kwanza nikaapa kwamba sevisi ya pili naifanya uani kwangu. Nikanunua oili, nikanunua spana na jeki, nikaangalia video za Mhindi mmoja kwenye simu, maneno yake sikuyaelewa lakini mikono yake niliielewa. Oili nilibadilisha vizuri bila kumwaga hata tone, na hilo naomba uliandike gazetini kwa sababu hapa mtaani hakuna anayelitaja.

Balaa lilianzia kwenye filta ya hewa. Ilikuwa imejaa vumbi la barabara zetu, nikaona kununua nyingine ni ujinga, nikailoweka kwenye beseni na sabuni ya unga, nikaifikicha vizuri, nikaianika kwenye kamba katikati ya mashuka, sikujua kumbe ni karatasi. Recheli alipokwenda kuanua nguo akarudi na fremu tupu, akaiweka mezani mbele yangu. Nikaagiza nyingine Dar es Salaam, ikachelewa, na wakati naisubiri nikagundua lile boksi linalokaa filta nimelitia ufa kwa bisibisi, nikaliziba kwa nta ya nyuki, maana kwetu nta inaziba kila kitu, na kwa kuwa nta ilishakuwa mkononi nikapaka na ndani ya boksi lote, nikapaka mipira ya boneti, nikapaka na bawaba za milango zilizokuwa zinalia. Kisha nikasogeza gari kivulini, nikaliacha boksi wazi likauke.

Mrina asali yeyote anayesoma barua hii ameshashika kichwa. Ukitaka nyuki wahamie kwenye mzinga mpya unaupaka nta ndani, unauweka mahali pa kivuli, unaondoka zako, baba alinifundisha hivyo tangu utotoni, na msimu wenyewe ulikuwa ule wa miti kutoa maua, mikono yangu ikafanya yote kwa mpangilio wake na mimi nimesimama pale najiita fundi. Jumapili tukiwa kanisani kundi zima likahamia, likajaza boksi, halikutosha, likaendelea hadi nyuma ya dashibodi.

Sasa Mama, kwetu nyuki waliokuja wenyewe hawafukuzwi, huo ni mwiko ambao baba aliushika hadi anakufa, kundi likikuchagua unalitunza mpaka urine asali yake. Nikasema basi wakae hadi Krismasi. Nikafunika gari kwa turubai, nikatoa godoro nje kuwalinda wasivamiwe na siafu, yaani nikapiga dago, ile kambi ambayo warina asali hupiga msituni wakati wa kurina, isipokuwa dago la kwangu lilikuwa mbele ya mlango wa jiko. Recheli akanisimamia na mwiko wa ugali mkononi akaniuliza, "Wenzio wakienda dago wanapotea mwezi mzima, sisi tunapumzika. Wewe uko dago na bado unauliza mboga gani leo?" Jirani yangu Sadiki alipoona natia moshi chini ya boneti kuwatuliza, akajua gari linaungua, akaruka ukuta na ndoo ya maji, wakamuuma mpaka akasahau ndoo kwangu, na hajaifuata hadi leo.

Kampuni nayo ikapiga simu kunikumbusha sevisi. Nikawaambia ukweli kwamba gari lina nyuki. Binti aliyepiga akaniomba nisubiri, akaenda kuuliza wakubwa wake, akarudi akasema kwa upole kabisa kwamba udhamini haugusi viumbe hai, ila wanaweza kumtuma mtu Tabora kuja kuwaangalia, na kuangalia huko kutalipiwa. Nikakata simu.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mdogo wake Recheli, Prisila, alikuwa anaolewa kwao Puge, na Recheli alishaahidi ukoo mzima kwamba bibi harusi ataingia kanisani na gari letu. Asubuhi ya safari nikamwambia tulijaribu kwanza hapa uani, nyuki wangu wamenizoea, akae tu kwa utulivu asipunge mkono. Akapanda na sare yake ya harusi, amejipulizia manukato. Nikageuza ufunguo, gari likatikisika, halikuwaka, nyuki wakamwagika kupitia matundu ya kiyoyozi. Wakamuuma jichoni na mdomoni. Akatoka mbio na mimi nyuma yake, na nilipomkuta nyuma ya choo amejifunika uso kwa kanga, neno langu la kwanza likawa, "Umeua wangapi?"

Mama, niliuliza kama mrina, kwa sababu nyuki akishauma anakufa, nilitaka kujua kundi limepungua kiasi gani. Alichukua mkoba wake, akapanda basi jicho limeziba, akaenda Puge, na ni mwezi sasa hajarudi. Picha za harusi nimeziona kwenye simu, amesimama nyuma ya watu. Nikimpigia hapokei, ila alinitumia ujumbe mmoja tu, "Nitarudi siku utakayonifuata."

Nimfuate na nini wakati gari haliwaki, asali haijaiva, nikipuliza dawa nimevunja mwiko wa baba, nikiwaita watu wa Mwanza watanitoza na kunicheka? Naomba uniambie kipi ni nafuu, gereji ya kampuni au kujifanyia mwenyewe, na nyuki hawa niwafanye nini hadi Krismasi, kwa sababu mke wangu namtaka arudi, nimemkumbuka sana, nyumba hii haina sauti.

Zablon, Cheyo, Tabora.

MAMA MWANAMKUU ANAJIBU

Marahaba, Zablon. Uliomba nisicheke mapema. Nilijitahidi hadi kwenye filta iliyoanikwa katikati ya mashuka, hapo nikashindwa, nikamwita na mwenzangu wa ofisini, Shamila, tukacheka wote wawili mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni. Tulipofika nyuma ya choo tukaacha kucheka.

Nitaanza na gari kwa sababu ndilo jepesi. Gereji ya kampuni ni ghali, sikubishii. Unalipia kile kiyoyozi, unalipia kahawa, unalipia na pasi ya sare za mafundi. Lakini unalipia pia kwamba kitu kikiharibika mikononi mwao, wao ndio watakaohangaika, siyo wewe na godoro lako. Yule fundi uliyemlipa kwa kuangalia angeiona filta yako akajua ni karatasi, na hapo ndipo mifuko yako miwili ya mbolea ilipokuwa imekwenda. Ulipoikataa gereji umelipa filta, utalipa boksi, utalipa kusafisha masega kwenye dashibodi, na huo udhamini sidhani kama bado unao. Sasa niambie mwenye duka, hapo umeokoa nini?

Sisemi mtu asiguse gari lake. Mimi mwenyewe pikipiki yangu naibadilisha oili, sijawahi kumpelekea mtu. Gari likiwa chini ya udhamini fuata masharti ya aliyekuuzia, hata ukinung'unika njia nzima. Udhamini ukiisha, tafuta fundi mzuri hapohapo Tabora, oili ubadilishe mwenyewe, maana ulibadilisha bila kumwaga tone na mimi nimeliandika kama ulivyoomba. Breki usiziguse. Na kitu chochote cha gari, kabla hujakitia kwenye beseni, uliza kama kinafuliwa.

Nyuki je? Zablon, usinichoshe. Wewe ni mtoto wa mrina asali wa Sikonge unayemwandikia mwanamke wa gazetini akufundishe nyuki. Kundi linahamishwa. Unatengeneza mzinga, unawatia moshi, unakata masega unayapanga humo, ukimpata malkia wenzake wanamfuata, unaupeleka mzinga porini mbali na ndoo ya Sadiki. Kuhamisha siyo kufukuza, na sidhani kama marehemu baba yako alimaanisha walale kwenye dashibodi. Haya yote unayajua kuliko mimi, ndiyo maana najiuliza kwa nini hujayafanya. Jibu ninalo. Nyuki wakitoka, boneti itafunguliwa, watu wa Mwanza wataona ule ufa, na itabidi useme kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Sasa hivi ukiulizwa gari lina nini unasema lina nyuki, na watu wanakuonea huruma. Ni aibu tu hiyo, baba, nayo itapita ukiisema.

Tuje kwa Recheli, ambaye wewe umemweka mwisho wa barua kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Nimeirudia barua yako nikitafuta jambo moja. Nyuki wako najua wanalala wapi. Najua asali itaiva lini. Najua turubai liko juu ya gari na godoro liko mbele ya jiko. Jicho la Recheli sijui. Limefunguka? Anaona vizuri? Alipakwa dawa gani, na nani? Hukuandika, Zablon, na hukuandika kwa sababu hujui. Mwanamke ameumwa usoni siku ya harusi ya mdogo wake, kwenye gari la mumewe, mbele ya mumewe, na mumewe akaulizia waliomuuma. Eti uliuliza kama mrina. Yeye aliolewa na mrina au na wewe?

Halafu unaniuliza umfuate na nini. Ujumbe wake umeunakili mwenyewe, na mimi nimeusoma pole pole. Amesema umfuate. Gari hakulitaja. Wewe ndiye uliyeliingiza humo, kisha ukakaa kwenye kigoda mwezi mzima kulisubiri liwake. Mke wako alipanda basi na jicho moja akafika Puge, na wewe mwenye mawili unaniambia huna usafiri.

Kwa hiyo sikiliza. Nyuki waachie mrina mwenzako yeyote awahamishe wiki hii, usiwepo hata kumwelekeza. Kesho asubuhi nenda stendi upande basi. Usibebe asali. Usibebe picha za nyuki kwenye simu. Ukifika utasalimia wakwe zako, na watakucheka, Prisila naye atakucheka maana aliingia kanisani kwa bodaboda au kwa miguu sijui, na wewe utakaa kwenye mkeka uchekwe mpaka wachoke. Usijitetee kwa neno lolote linalohusu bei za Mwanza.

Kisha omba kuongea na mkeo. Usimwambie nyumba haina sauti, wala usimwambie umechoka kula vyakula vya kununua. Mwombe msamaha kwa swali ulilomuuliza, ulitaje lilivyokuwa, usilipunguze. Halafu muulize kama jicho bado linauma. Akianza kukujibu, nyamaza, msikilize mpaka amalize, hata akiongea hadi basi la mwisho likuache. Na akisema hayuko tayari, mshukuru, urudi Tabora peke yako, na wiki inayofuata upande basi tena.