Ubao wa Kambi ya Kwamgunda

Kambi ya Kwamgunda, Muheza
7 Februari 1955

Dada Elizabeti, shikamoo. Mnaendeleaje huko Pangani? Watoto hawajambo? Goti la shemeji Kristofa limepona? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayoumwa.

Unajua nilivyoihangaikia kazi hii ya kuwafundisha wake wa wakata mkonge kusoma na kulea watoto wachanga. Ofisi imepanga darasa saa tatu asubuhi. Basi kila asubuhi nakaa na ubao wangu mpya, kengele yangu, na kuku wa jirani. Akina mama wako mkongeni wanawasaidia waume zao kufunga matita ya majani ya mkonge, maana mume asipomaliza kazi ya siku, hatiwi alama kwenye kipande, ile kadi yake ya kazi, na siku hiyo hailipwi. Nimemwomba Meneja tuhamie alasiri, akasema ratiba ni ratiba. Tena akasema darasa likiwa tupu mpaka Mei atalifunga, chumbani aweke magunia.

Watu hawa wametoka Songea, Tabora, Kigoma. Wasiposoma hapa, watasoma wapi? Nimechoka, dada.

Mdogo wako,
Dorkasi

Pangani
19 Februari 1955

Mdogo wangu Dorkasi, marahaba. Sote hatujambo. Goti la shemeji yako limepona, kulalamika ndiko hakujapona.

Sasa wewe, huyo Meneja huja darasani? Haji. Basi gonga kengele yako alasiri, wakisharudi na kula, nani atakuona? Unalia na ratiba kama imeshushwa mlima Sinai! Na uache kuwafokea watu wazima. Nakujua, tumelala kitanda kimoja.

Dada yako,
Elizabeti

Kwamgunda
24 Machi 1955

Dada, shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi nina hasira hata chakula hakipiti.

Nilifuata maneno yako, na darasa likajaa. Mwepesi kuliko wote alikuwa Praxeda, Mngoni wa Songea, ambaye siku zote alikuja na kitoto chake Anjela mgongoni. Wiki jana homa ilimchukua Anjela. Tumekaa msibani, maiti iko ndani, mara akaingia Idarusi, mkata mkonge Mnyamwezi, na wenzake wawili. Wakaimba nyimbo za ovyo mbele ya mfiwa! Kisha wakaenda darasani, wakachukua ubao na kengele, wakazunguka navyo kambi nzima wakicheka. Niliona ni wizi tena ni ufedhuli. Nikamwita askari wa shamba, akawafungia ghalani, ubao ukarudi.

Ungedhani nitashukuriwa. Tangu siku ile hakuna mama hata mmoja anayekuja darasani. Nikipita, wananyamaza. Na lile kaburi, dada! Hakuna aliyeshika jembe mpaka kesho yake jioni. Wanaume walikaa tu wakitazamana. Nimewatetea, kisha nanuniwa mimi. Nimekosa nini?

Mdogo wako,
Dorkasi

Pangani
2 Aprili 1955

Dorkasi,

Salamu zitakuja mwisho, kwanza nikuseme.

Wangoni na Wanyamwezi ni watani. Ndugu wa Praxeda wako Songea, hawawezi kuja. Hapo kambini ndugu yake msibani ni mtani. Yeye ndiye anayechimba kaburi, yeye ndiye anayemchekesha mfiwa, na akichukua kitu, wenyewe hukikomboa kwa chochote, hata kikapu cha viazi, yakaisha. Umesahau msiba wa bibi, watani walivyoondoka na kofia ya babu? Labda ulikuwa bweni kule misheni, unafundishwa adabu.

Wewe umewafungia wachimba kaburi, mwenzangu. Chukua kuku, uende kwa Praxeda ukaombe radhi, na usipeleke maelezo mengi.

Hamjambo huko?

Dada yako anayekupenda na kukukasirikia,
Elizabeti

Kwamgunda
9 Mei 1955

Dada, shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Shemeji na watoto nawasalimu sana.

Nilikwenda na kuku. Praxeda alimpokea, mimi hakunikaribisha kiti. Akasema, "Mwalimu, Idarusi alipojitwika ubao akaigiza unavyotufokea, ndipo nilipocheka mara ya kwanza tangu mwanangu afe. Ukatuletea askari." Idarusi mwenyewe ameshafukuzwa kazi, wanasema ameelekea Mkwaja kutafuta kibarua. Nimekwenda kwa Meneja kumwombea arudishwe. Amenijibu kwamba mimi ndiye niliyemshtaki, sasa nataka nini? Nimelia kwa aibu na kwa hasira pamoja.

Darasa limefungwa. Magunia yameshaingia.

Juzi Praxeda alikuja mwenyewe mlangoni kwangu. "Mwalimu, ule ubao uko wapi?" Nikampa. Mumewe akaukata kwa panga, naye Praxeda akapasha msumari motoni, akaandika ANJELA. Herufi zimelala upande, N imegeuka, lakini hakuna aliyemshika mkono. Ubao umesimama kaburini. Tulipotoka huko aliniambia, "Karibu nyumbani, mwalimu," nami nikaketi, nikala.

Leo asubuhi karani wa ofisi kaja kukusanya vitu vya darasa. Kengele ameiona. Akauliza ubao uko wapi.

Nikamwambia umechukuliwa na watani.

"Watani gani?"

"Wangu."

Akatoa kalamu, akataka majina. Safari hii, dada, sikumtaja mtu. Amesema nifunge mizigo yangu, basi niwekeeni mkeka huko Pangani.

Mdogo wako,
Dorkasi