Koti Ulilozikwa Nalo

Kioko, ndugu yangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikufukia kwa beleshi langu mwenyewe mwaka jana. Nakuandikia nikiwa na hasira. Nimeingoja ipoe, haipoi. Mama alitufundisha kwamba marehemu hasemwi vibaya, lakini hakusema kwamba haandikiwi.

Nianze na habari ambazo hukuzipata. Miezi mitatu baada ya kukuzika nilianza kukohoa. Nilidhani ni moshi wa kuchomelea, maana unajua nilivyokuwa nikiinamia mabodi ya malori pale Emali bila kujifunika uso. Haukuwa moshi. Ilikuwa TB. Hospitali ilinipa dawa za miezi sita, gereji ikanipa wiki moja ya kupumzika, na wiki ilipoisha nikakuta mtu mwingine ameshika mashine yangu. Bosi hakunitukana. Alisema tu, "Hicho kifua kitatufukuzia wateja," akaninunulia soda. Miaka tisa, Kioko, halafu soda.

Unakumbuka Ndanu aliponiacha akaondoka na mtoto wetu Mwende kurudi kwao Kabati, korti ikaniambia nitume pesa za matunzo kila mwezi. Wewe ulikuwa ukiniita mlipa kodi, na nilicheka, kwa sababu sikuwahi kuruka hata mwezi mmoja. Sasa kifua kikaniangusha. Kwanza niliuza redio, kisha grainda yangu ya kusagia chuma, na baada ya hapo nilibaki na godoro, na mgonjwa hauzi godoro. Nikaitwa kortini. Hakimu alikuwa mama mpole, alisubiri nimalize kukohoa, akanipunguzia kidogo, akanikumbusha kwamba baba ni baba, awe mzima au mgonjwa. Sikumkasirikia. Mtoto hashibi pole.

Nilipopata nguvu nikaenda Kabati, nimweleze Ndanu ana kwa ana na nimwone binti yangu. Nilibeba sukari na majani ya chai kama mtu mwenye adabu. Baba yake Ndanu alinipa kiti nje. Mwende alikuwa nyuma ya mlango, niliona goti moja na soksi ya shule. Nikasema nimekuja kumwona mtoto wangu.

Mzee akacheka kwa pua. "Mtoto wako? Wewe hapa ni mgeni. Ndugu yako alileta mbuzi mbili na nyama ya bucha. Nikamuuliza, dume iko wapi? Akasema imekufa njiani, huko Malili, ataleta ingine. Tangu uzaliwe, umewahi kuona ntheo ya kilo?"

Ntheo ya kilo! Wewe hupaswi kuelezwa, lakini nitakueleza hivyo hivyo, kwa sababu inaonekana ulisahau. Mbuzi wa ntheo, wa kumwoa msichana kimila, ni watatu. Wawili wanabaki kwa kina msichana, na dume anachinjwa pale pale uani kwao, damu inamwagika kwao, na pande mbili zinamla pamoja. Bila hivyo mnaweza kuishi pamoja mpaka mzeeke, mke si wako na mtoto ni wa babu yake. Baba alikuwa ameshafariki, wewe ndiye mkubwa, nikakukabidhi kamba tatu mkononi. Mimi nilibaki Emali kumaliza lori la mtu ili nilipie pikapu ya kuwabeba hao mbuzi. Wazee wawili uliokwenda nao wako huko huko uliko. Waulize kama ile nyama ya bucha ilikuwa laini.

Na uliporudi! Ulirudi umevaa koti la ngozi, la kahawia, lenye zipu. Nikauliza umelitoa wapi. Ukasema, "Wakwe wamenipenda mpaka wamenivalisha." Nilifurahi, Kioko. Nilikuagizia nyama choma, nikakaa nikikutazama ukila, nikijiambia kwamba nimeoa kwa watu wakarimu.

Nilimuuliza mkeo Mumbua. Hakuzunguka. Alisema koti ulilinunua sokoni Emali, siku ile ya mbuzi, kabla pikapu haijaondoka, na kwamba muuzaji aliongeza mshipi juu. Yeye alidhani najua. Dume wangu, yule mwenye sikio moja jeupe, uliyemwona akizaliwa, ulimbadilisha kwa koti na mshipi, ukakusudia kununua mwingine baadaye. Na baadaye yako tunaijua sote. Mzee akanyamaza kwa sababu alikuwa amekula, wewe ukanyamaza kwa sababu ulikuwa umevaa, na mimi mjinga katikati nikijiita mume wa mtu.

Sasa angalia ulivyoniacha. Kortini mimi ni baba kamili, wa kutoa. Uani kwa mzee mimi ni mgeni, hata kumshika mkono mtoto siruhusiwi. Nikichelewa kutuma natafutwa, nikija mwenyewe nafukuzwa. Hata nikipata pesa ya kununua dume leo, hiyo pesa ni chakula cha Mwende, siwezi kuipitisha kwa mbuzi. Ndanu mwenyewe aliniambia, na hakukosea: "Mbuzi ni maneno yenu na baba. Mimi nataka mtoto asirudishwe nyumbani juu ya pesa ya lunch." Kwa hiyo nanoa mapanga na kuziba sufuria hapa Malili, kwenye baraza la duka, mahali pasipo na moshi, na ninachopata Jumamosi kinaenda Kabati Jumamosi hiyo hiyo. Ni kidogo. Kinaenda.

Ungeniambia tu. Ungesema, Mutinda, nimevaa dume wako. Ningekununia wiki moja, halafu ningecheka, halafu tungetafuta mwingine pamoja tukiwa wazima wote wawili. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka mto ulipojaa, viatu vyangu vya shule umeving'ata kwa meno visilowe. Mtu wa namna hiyo anashindwaje kusema neno moja miaka yote hiyo? Nikikohoa asubuhi bado nangoja unigongee ukuta uniambie ninywe maji. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko koti.

Na koti lenyewe ni mimi niliyekuvalisha. Mochari waliuliza avae nini, watu wakasema suti ya kanisa, mimi nikakataa. Nikasema hapana, alilipenda lile la wakwe. Zipu ilikwama kifuani, nikaipaka mafuta ya kujipaka, nikaivuta taratibu mpaka shingoni, nikilia. Nilikuwa nakufungia mbuzi wangu.

Nilipomweleza Mumbua yote, aliinuka, akaenda zizini, akarudi na mwanambuzi dume aliyeachishwa kunyonya juzi. Akasema, "Chukua. Deni la maiti linalipwa na boma lake." Nimemfunga hapa nyuma ya duka. Anakula maganda ya ndizi na karatasi za watu. Nimemwita Koti, na wateja wanauliza kwa nini, siwaambii.

Jumapili Ndanu alinipigia baada ya kanisa, akampa Mwende simu. Mtoto huita watu anavyosikia wakiitwa. Alisema, "Mgeni, utakuja lini?"

Sikumkatalia jina hilo, Kioko. Nilimwambia nitakuja mbuzi akikua. Na nakuahidi wewe, ingawa hukustahili ahadi: nitamshika Koti kamba mwenyewe kutoka hapa mpaka Kabati, simkabidhi ndugu wala rafiki, na atachinjwa uani kwa mzee, Mwende akiona, ili kesho asiulize mtu baba yake ni nani. Nitatenga kipande chako nimpelekee Mumbua.

Sikwambii ulale pema, bado sijafika hapo. Lala tu. Baridi haikupati.

Mdogo wako,
Mutinda