Fundo la Mkono wa Kushoto

Bulengera, Butembo, tarehe 9 Juni 2001

Yaya Florentine, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Salomon, na bibi harusi wetu Séphora. Natumaini barua hii itawakuta hapo Bungulu mkiwa wazima, na kwamba mguu wa shemeji umepona. Sisi huku tunapumua. Malaria ilinilaza wiki nzima, sasa naweza tena kushika sindano. Anayeileta ni Paulin, katekista wetu. Mpe chai, maana njia ya Beni si ya kuchezea siku hizi.

Nimesoma kwamba mmeahirisha harusi mara ya pili ili kumngoja Mama. Unasema watu wa Vuhovi waliowakimbia askari mwezi wa pili bado wanatoka porini mmoja mmoja, kwamba Mama naye atatokea, na kwamba kiti chake mmeshakitenga. Ngoja kwanza nikueleze kazi niliyokuwa nikiifanya, halafu utaniita jina utakalo.

Mwezi wa tatu alikuja kwangu Maman Elsa, yule muuza vitenge ambaye ghafla amekuwa rafiki wa wake za makomanda. Amenenepa, Yaya, wakati sisi wote sketi tunazifunga kwa kamba. Alibeba mfuko wa unga uliojaa shanga: mikufu, bangili, mikanda. Alisema wake za wakubwa wanataka vitu vya asili, lakini kwa mtindo wa kisasa. Aliniwekea makayabu, samaki wale wa chumvi, na maharagwe mezani, kisha akaniambia, "Fungua yote, utunge mupya. Lakini hapana uliza ilitoka wapi."

Sikuuliza. Pua yangu ndiyo iliyouliza. Nywele zilikuwa zimenasa kwenye nyuzi, mawese yalikuwa yamechacha kati ya shanga, na mkanda mmoja wa kiuno, wa mtoto mchanga, bado ulinuka maziwa. Niliziosha kwa majivu kwenye beseni letu la kuoshea majani ya sombe, na maji yakatoka rangi ambayo sitaki kuiandika. Kisha nikapika yale makayabu, nikala, nikalamba vidole. Yalikuwa matamu. Hilo linanitia kinyaa hadi leo.

Sikukuu ya Pasaka, mke wa komanda alikuja misani na kola ya shanga niliyomtengenezea, nyeupe yenye safu nyekundu. Alikaa kiti cha mbele, amejipaka poda hadi masikioni. Padri mgeni, ambaye hakujua lolote, alimsifu mbele ya waumini wote kwa kulinda urithi wa mababu. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, Yaya, kwa mikono hii hii.

Unakumbuka Mama alivyotufundisha. Uzi unaanzia kulia, safu inaelekea kushoto. Lakini yeye, kwa sababu ya mashoto yake, alianzia upande wa pili, na wanawake wa Vuhovi walimcheka kwamba anasuka kinyumenyume. Unakumbuka pia ushanga wake wa ndoa, usio na kishikizo, ambao siku ya harusi alikataa kufungiwa na mtu, akaufunga mwenyewe shingoni kwa fundo moja. Kichwa hakipiti pale. Kwetu ushanga wa ndoa haufunguliwi. Wanaokuja kuukata ni wale wanaoosha maiti.

Sasa nakuambia. Kola ile ni shanga za Mama. Ndani ya mfuko kulikuwa na ushanga mweupe wenye safu moja nyekundu, umekatwa kwa kisu kando ya fundo. Niliuvuta uzi upande wa kulia, kama kawaida, ukagoma. Nikaugeuza, nikavuta kushoto, ukafunguka wote mkononi mwangu bila shida. Vidole vilijua kabla yangu. Maman Elsa alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri. Ningeweza kulia, ningeweza kuuficha. Niliogopa, nikachukua sindano, nikaanza kutunga, kuanzia kulia. Alipokuja kuchukua kola aliigeuzageuza, akatabasamu, akasema, "Ni weye njo unajua kazi ya bamama zetu."

Utasema huenda walimpora akiwa hai. Nami nilijiambia hivyo miezi mitatu, huku nikikujibu kwamba tunatumaini. Lakini kwenye fundo kuna mvi zake, na zimeganda kwa damu. Mfuko wa mwisho wa Maman Elsa niliurudisha. Usinisifu, niliurudisha nikiwa nimeshashiba.

Ndani ya bahasha, kwenye kipande cha kitambaa, kuna lile fundo. Ndicho kitu pekee nilichoiba, kwa kuwa hakuna aliyekihitaji. Sikulifungua wala sikuliosha. Litazame vizuri, utaona limefungwa kwa mkono wa kushoto. Ondoeni kiti, Yaya. Mwite padri, mzikeni Mama kwa hilo lililopo, mlie siku zenu, halafu mwozeni mtoto.

Nisalimie Séphora, umwambie mama yake mdogo anampenda, lakini asimngojee harusini. Nimenawa kwa majivu, kwa sabuni na kwa ndimu, na mikono bado inanuka makayabu.

Mdogo wako,
Kanyere