Kijiko cha Kuonjea Uji

Jumatatu, 2 Juni. Kibeta

Uji wa mjukuu wangu Mugisha, kama kila asubuhi. Nachota kijiko, naonja kwa mdomo wangu, ukiwa wa moto napuliza, naonja tena, ndipo nampa. Mkamwana wangu Jovina humimina tu bakulini akaacha upoe wenyewe. Simwamini. Mtoto wa miaka miwili atajuaje kusema unaunguza?

Mafua yangu yameisha. Kimebaki kidonda cha homa pembeni mwa mdomo, kinawasha. Jovina kaninunulia mafuta ya kupaka. Sikumshukuru.

Jumapili, 8 Juni

Mugisha ana homa tangu jana. Misa sikwenda. Wamempima malaria, hana. Kapewa dawa ya maji ya homa. Hataki kula. Nadhani anadeka.

Jumatatu, 9 Juni

Hadeki. Nimemfungua kinywa. Vidonda kwenye ulimi na ndani ya midomo, fizi nyekundu zimevimba, mate yanamtiririka. Nikakumbuka: Ijumaa nilikuwa msibani, Jovina ndiye aliyemlisha. Kamuunguza na uji. Nikamwambia hivyo hivyo usoni. Akakana taratibu, macho chini. Kukana kwake kukanizidishia hasira.

Nimempigia mwanangu Byera, baba wa mtoto, yuko kazini Geita. Wanawake wa jumuiya nao nimewaambia. Wajue ninaishi na nani.

Jumanne, 10 Juni

Nimemsugua Mugisha kinywa kwa chumvi na ndimu, kama mama alivyotufanyia sisi. Nilimbana kichwa magotini. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Jovina alikuwa bombani. Aliporudi alimtoa magotini mwangu. Alimfuta mtoto mate, akambeba mgongoni, akachukua mkoba. Amekwenda kwao, Rubya. Aende.

Nyumba kimya. Mikono yangu inanuka ndimu.

Alhamisi, 12 Juni

Jovina amepiga simu. Mtoto amelazwa, ametundikiwa dripu. Alikuwa amekataa hata maji, mkojo ukakauka. Ni tangu nilipomsugua. Hilo hakulisema yeye, nalisema mimi.

Daktari anasema hakuungua. Ni virusi, vile vile vinavyoleta kidonda cha homa mdomoni mwa mtu mzima. Mkubwa akimbusu mtoto, au wakitumia kijiko kimoja, anamwambukiza. Kwa mkubwa ni kidonda kimoja cha kuwasha. Mtoto vikimpata mara ya kwanza, vinaweza kumjaa kinywa chote. Akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyekuwa na kidonda mdomoni. Jovina akamjibu hakumbuki.

Anakumbuka. Mafuta alinunua yeye.

Ijumaa, 13 Juni

Nyani haoni kundule. Nimeifundisha methali hiyo darasani mpaka nikastaafu.

Nimejaribu kujitetea. Sikujua. Mama zetu walitutafunia ebitoke, ndizi za kupika, wakatutia kinywani, na tukakua. Lakini kutojua siko kulikonituma kumtangaza mtoto wa watu. Na ningeweza kunyamaza. Byera hajui, jumuiya hawajui, Jovina hatasema. Wazo hilo limenikaa kichwani kutwa. Naona aibu kuliandika.

Jioni nimempigia Byera. Nimemweleza yote, na ndimu pia. Akasema, "Na mimi nilimgombeza, Mama."

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nimewaambia wanawake wa jumuiya. Wakaanza kunipoza: bibi gani asiyembusu mjukuu? Nikawakatalia. Nilipomsema Jovina walinisikiliza vizuri zaidi.

Jumatatu, 16 Juni. Rubya

Mugisha ametoka hospitali. Kalowesha kitanda cha bibi yake wa huku. Sijawahi kufurahia mkojo namna hii.

Jovina kanieleza alivyoagizwa. Dawa ya maumivu kwanza, chakula baadaye. Maziwa ya baridi, uji uliopoa, maji kidogo kidogo kutwa. Chumvi, ndimu, nanasi, hapana. Vidonda vitapona vyenyewe bila kusuguliwa. Asipokojoa, arudishwe haraka. Alipofika kwenye ndimu hakunitazama.

Nimemwomba radhi uani, mbele ya mama yake, wakianika kahawa. Nilitaka kupiga magoti, akanishika mkono. "Kaa, Mama. Jua kali." Basi. Hajasema atarudi lini Kibeta. Sikuuliza.

Akamimina uji bakulini, akauacha. Tukakaa tunaungoja. Ulipopoa Mugisha akachota kijiko, akakinyoosha kuelekea mdomo wangu, kama alivyozoea. Nikageuza uso. Hakuelewa. Akaendelea kukinyoosha, uji unamwagika.

Jovina akakichukua kile kijiko, akadondosha tone nyuma ya kiganja changu.

Umepoa, nikasema. Mtoto akala.