Kamba ya Kichwani

Moniaive, tarehe 9 Mei

Dada yangu Effie,

Nakujulia hali wewe, shemeji na wajukuu huko Kanada. Mimi mzima. Goti linanisumbua, lakini mikono ni ile ile: juzi nimemaliza ukuta wa mawe wa yadi thelathini bila tone la saruji, na vijana waliokuja kuutazama waliishia kukuna vichwa. Tangu nianze kazi hii nikiwa na miaka kumi na nne, hakuna ukuta wangu ulioanguka. Muulize yeyote. Mwandiko uuvumilie; shule niliiacha mapema, nayo haikunililia.

Uliniuliza kwenye simu Kirsteen wetu alizikwaje, nikakukatia. Sasa nakujibu.

Alizikwa Jumanne, ubavuni mwa mama yake. Watu walijaa hadi barabarani, wengine walikuja kwa mabasi kutoka Glasgow, wakalia kuliko mimi. Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza, pole mzee, ulikuwa jirani yake? Nikamwambia mimi ndiye baba. Akanitazama kwa huruma, akasema, hapana babu, baba yake yule pale. Akanionyesha Ranald Imrie.

Humjui huyo. Ndiye aliyekuwa baba yake kwenye ule mchezo wa televisheni, yeye mwenye baa na Kirsteen binti yake, miaka kumi na saba, kila Alhamisi. Nchi nzima ilijua wanavyogombana na kupatana. Mimi nilitangaza kwamba siutazami, na sababu unaijua: alipoanza kazi aliliacha jina letu akachukua la mama yake. Alinieleza kwamba chama chao hakiruhusu waigizaji wawili wenye jina moja, na London tayari alikuwako Kirsteen McClymont mwingine. Nikamwambia basi huyo mwingine abadilishe. Tangu hapo hatukusemezana vizuri.

Basi Tam, msimamizi wa mazishi, akaanza kugawa kadi za kamba. Umeondoka siku nyingi lakini hujasahau: kamba nane za kuteremshia jeneza, kila moja na namba yake na mtu wake, na ya kwanza, ya kichwani, ni ya baba. Nikanyoosha mkono. Tam akainamisha macho, akaninong'oneza, Wattie, ndugu yangu, orodha aliiandika Kirsteen mwenyewe. Kadi ya kwanza akampa Imrie. Mimi sikuwa hata wa nane.

Najua unavyowaka hapo ulipo. Hapa kijijini nao wamewaka. Walisema huyo Imrie angefaa kutupwa mtoni na suti yake, na kwamba umaarufu ulimharibu yule mtoto. Nikawaacha waseme. Wiki nzima wamenipa wiski ya pole, nami nikainywa.

Lakini Imrie ni mtu mwema. Alinijia pale kaburini, mbele ya wote, akaninyooshea ile kamba akasema, mzee, hii ni yako, mimi nilikuwa naigiza tu. Nikatia mikono mfukoni. Akasubiri. Mchungaji naye akasubiri, mvua inatunyeshea. Nikatikisa kichwa. Basi yeye ndiye aliyemteremsha Kirsteen, polepole, bila kumgongesha popote.

Sasa, Effie, lile ambalo sijamwambia mtu.

Mwezi wa pili Kirsteen alikuja. Nilikuwa shambani kwa kina Hannay, najenga. Amekonda, kitambaa kichwani, akakaa juu ya rundo langu la mawe. Akasema madaktari wamemaliza ya kwao. Akasema, Baba, nataka wewe ushike kamba ya kichwani, utashika?

Mimi nilishamwona akiugua na kulia kwenye televisheni, maana nilikuwa natazama, Effie, kila Alhamisi natazama, na mlango nimefunga. Nikauona uso ni ule ule. Nikadhani ni maigizo, amekuja kunitega niombe radhi. Sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, kamwombe yule baba yako wa televisheni.

Akaokota jiwe lililokuwa mguuni pake akanipa, nikalipanga. Akasema, haya, Baba. Akaenda garini. Nilijua atarudi, na safari hiyo ningemwambia vingine.

Alikuwa mtoto msikivu, watu hawajui. Alifanya kama nilivyomwambia. Kwa hiyo usimlaani, wala Imrie usimlaani. Kesho nitakwenda baa nikawaambie na wao, ingawa wiski itakatika.

Tangu afe, wanarudia vipindi vya zamani kila jioni. Jana alikuwa kwenye ngazi za ile baa, bado kijana kabisa, anaita, Baba! Baba, uko wapi? Nikaitika, Effie. Niko peke yangu na bakuli la supu, nikaitika kwa sauti. Kisha Imrie akatokea mlangoni, Kirsteen akamkimbilia.

Msalimie shemeji, wabusu wadogo. Kwa haya usinipigie simu. Niandikie, nitasoma taratibu.

Ni mimi kaka yako,
Walter McClymont