Sura ya Kui

Wainaina ndugu yangu,

Natumai Thika mko salama. Huku Ruiru baridi imeua vifaranga wote wa Mama, na yeye mwenyewe bado analala kwa sebule yangu.

Uliniuliza mtu anayeanza kununua hisa asome kitabu gani. Nimekutumia hiki, kile tulichosoma kwa chama chetu cha akiba, mimi na Mama na wenzetu. Kilikuwa kimoja, kwa hivyo kila mmoja alipewa sura yake asome nyumbani, halafu Jumapili atuelezee.

Sura ya nne ilikuwa ya Kui. Jumapili yake hakuja. Alikuwa amefiwa na mtoto. Tulimpiga faini ya kukosa mkutano, sheria ni sheria, tukaendelea na sura ya tano. Aliporudi alilipa, akafungua kitabu aanze. Tukamwambia, "Kui, hiyo tulishapita." Akaketi.

Kwa simu sikukuambia hili: Mama aliuza ploti yake ya kule Kimbo, pesa zote zikaingia kwa kampuni moja iliyosifiwa na kila mtu. Kampuni ilianguka. Usimuulize, atalia.

Juzi ndipo niliposoma sura ya Kui. Ni fupi, unaimaliza chai ikiwa bado moto. Inasema usiweke pesa zako zote kwa kampuni moja. Kui alikuwa amepigia mstari, na kando akaandika kwa penseli: "Nimweleze mama ya Idah polepole, kabla auze ploti."

Anza hapo.

Dada yako,
Idah