Fundo Nililofunga Yakobi

Yakobi, Julai

Kaka Luvanda,

Barua zangu zote huanza kwa kuuliza hali ya mtu. Yako naijua. Umelala Iwawa, juu ya shamba la viazi la dada yako Eda, na Jumamosi hii wanakujengea kaburi. Eda amenipelekea neno kwa dereva wa lori la viazi: "Mwambie dada yetu asikose." Dada yetu. Ndiyo maana nimekaa mezani tangu asubuhi na kalamu hii. Kuna jambo langu ambalo jina lako limelibeba kwa miaka sita, na nikienda huko Jumamosi nikanyamaza tena, litazikwa chini ya saruji pamoja nawe.

Ule waya wa faiba, wa kupitishia simu, uliokuwa umelala juu ya majani haupo tena. Waliuzungusha kwenye gurudumu lake wakaondoka nao, mwingine wakaufukia mtaroni. Sasa Njombe nzima ina simu mfukoni. Watu wanaongea huku wanatembea, peke yao, na hakuna anayemwomba mwenzake amuunganishe. Mimi nimebaki na nyumba na redio. Majirani wananiambia "Kamwene, bibi," nami naitika, wanapita. Mvua ikija na upepo bado nashtuka nikidhani laini ya Mafinga imeanguka. Halafu nakumbuka kwamba laini haipo, wala wewe hupo nikupe taarifa.

Sauti yako niliijua kabla ya sura. Mwezi mzima nilikaa kwenye swichibodi ya Makambako nikiunganisha simu za watu, wewe uko juu ya nguzo mahali fulani baridini, unajaribu laini.

"Makambako, unanipata?"

"Nakupata, sema."

"Sina la kusema. Baridi tu."

Nikakutania kwamba ninyi Wakinga kwa ubahili wenu, mkipiga simu bila sababu, basi simu ni ya shirika. Ulicheka hadi nikaogopa utaanguka. Ulipokuja ofisini mara ya kwanza nilishangaa kuona mtu mfupi. Sauti ilikuwa ya mtu mrefu. Uliniletea magazeti ya wiki iliyopita ukasema sisi Wapangwa tunapenda kusoma kwa sababu kwetu Mawengi hakuna kingine cha kufanya.

Masika moja nguzo ziling'oka, ukatandaza waya wa muda chini kwa chini hadi hospitali. Nilitoka na mwavuli kutazama. Ukanifundisha kuufunga kwenye mti: zungusha mara mbili, pitisha chini, vuta. "Waya usiofungwa ni mtoto aliyeachwa sokoni," ulisema. "Uzito ubebwe na mti, kiungo kisivutwe." Ulinifanya nifunge na kufungua hadi vidole vikafa ganzi. Nilijivunia fundo lile kuliko cheti changu.

Kisha yakaja mageuzi. Shirika likagawanywa, tukapewa barua za kupunguzwa kazini sote siku moja, nyumba za wafanyakazi zikauzwa. Nilikuwa nimekwishakusimulia habari za Mawengi, jinsi walivyoezua paa la baba siku ya operesheni ya vijiji mimi nikiwa nimeshika sufuria ya maharage, sijui niiweke wapi. Basi hiyo ya Makambako ilikuwa mara yangu ya pili kutolewa nyumbani. Wewe ndiye uliyezungumza na mjumbe wa Yakobi nikapata kiwanja hiki. Karatasi haikuwapo. Kulikuwa na neno la mjumbe na mstari wa miti ya miwati kuwa mpaka.

Kampuni ya simu ilipokuja kuweka minara, ikahitaji kuunganisha mjini na kilimani kabla ya mtaro kuchimbwa. Wakautandaza waya wao mweusi juu ya ardhi, ukakatiza pembe ya shamba langu, nawe wakakuchukua uutembelee asubuhi na jioni. Ulikuja kunitambia kama umeuzaa wewe.

"Dada, huu lori linapita juu yake. Ng'ombe anakanyaga. Mvua inanyesha, wenyewe haujali."

"Na ndani?"

"Ndani kuna kioo chembamba kuliko unywele. Hakipitishi umeme, kinapitisha mwanga. Kinachokichukiza ni kukunjwa. Usikikunje duara dogo kuliko kisosi."

Nilikusikia. Sitasema sikusikia. Na nilimsikia pia msimamizi wenu kwenye mkutano wa mtaa, aliposema atakayegusa laini ataondolewa kando ya laini, yeye na nyumba yake.

Siku ile nilikuwa napiga matuta ya viazi. Waya ulikuwa chini, nikaogopa jembe langu. Nikauinua, nikaupeleka kwenye mwati, nikaufunga. Mara mbili, chini, vuta. Nilivuta kwa nguvu, Luvanda. Nilirudi nyuma nikautazama, nikafurahi, nikasema akipita ataniambia kwamba sijasahau.

Kabla ya saa tano simu za Njombe zilikuwa zimezimika. Ulifika peke yako, ukiufuata waya kwa miguu. Uliliona fundo. Hukuniuliza kitu. Ulilifungua polepole kama mtu anayemvua mtoto kiatu, na pale lilipokuwa waya ulibaki na mkunjo. Ukatazama shamba, ukasema, "Matuta yamenyooka, dada." Gari la kampuni likasimama.

Walikuwa na kile kifaa chao kinachopima mwanga umekwama mita ngapi. Kilikuwa kimewaleta hadi hapa, kikakosea hatua tatu tu.

"Nani amefunga hapa?" akauliza msimamizi.

"Mimi," ukasema. "Mazoea ya waya wa shaba, mkubwa."

"Mzee, si tulikufundisha?"

"Mlinifundisha. Mkono ndio haukuhudhuria."

Vijana wakacheka. Hata msimamizi alitabasamu, kisha akasema unajua ni lazima akuondoe, ukajibu unajua. Ulivua koti la kampuni, ukalikunja vizuri, ukaliweka juu ya boneti. Mimi nilikuwa nimesimama umbali wa mtu kukunyooshea mkono. Nilishika jembe. Nilifikiria paa.

Nimekuwa nikikulaumu pia, ujue hilo. Kwa nini hukuniuliza? Labda ulijua ukiniuliza nitasema kweli mbele yao, nawe hukutaka. Labda ulijua sitasema, ukaniepushia aibu ya kuonekana. Ni moja kati ya hayo mawili, na mtu pekee wa kuniambia ni wewe.

Ulirudi Iwawa. Kila mavuno lori lilinishushia gunia la viazi. Nilikuandikia barua tatu, zote za mvua na habari za magazeti. Hukuwahi kugusia, nami nikajidanganya kwamba umesahau.

Kisha kifua chako kikakuzidi. Nilifika mazikoni nikiwa nimekaa kando ya dereva, na wanawake wa kwenu wakanifunga kitenge kama chao wakaniketisha kwenye benchi la ndugu. Mpwa wako mwalimu akasimama kusoma wasifu. Ulizaliwa, ukabatizwa, ukaoa, mkeo akatangulia. Ukafanya kazi ya laini za simu kwa miaka mingi, "hadi alipoachishwa kwa kuharibu waya wa kisasa ambao hakuweza kuuelewa." Hakusoma kwa ubaya. Alisoma kama anavyosoma tarehe.

Nyuma yangu wazee wawili wakanong'onezana.

"Mzee wa Fundo amekwenda."

"Shaba ilimharibu mkono, masikini."

Walicheka kidogo, kicheko cha kukupenda. Ndipo nikajua kwamba miaka yote sita, kanisani na kilabuni, hilo ndilo lilikuwa jina lako. Wewe uliyepanda nguzo Kitulo barafu ikiwa imeganda kwenye waya. Wewe ambaye kiungo chako hakikuwahi kulegea. Uliliitikia jina lile mezani kwao hadi mwisho. Nami nilikaa kwenye benchi la ndugu, ndani ya kitenge cha ndugu, nikanyamaza mara ya pili.

Mara hii sikuwa na paa la kuogopa. Kiwanja kimepimwa, jina langu liko kwenye karatasi. Niliogopa kupoteza benchi. Mawengi hakuna anayenijua. Niliowaacha wamekufa au wamehamia mijini. Chini ya jua hili ni kwenu tu ambako chakula kikipakuliwa mtu anauliza kama dada wa Yakobi ameshapata. Eda akijua kwamba kaka yake alichekwa miaka sita kwa kosa la mkono wangu, sijui kama atauliza tena.

Mwezi uliopita nilijaribu kwanza kwenye ofisi ya kampuni ya simu mjini. Nilidhani nikiyasema mara moja kwa wageni, kwa ndugu yatakuwa mepesi. Binti wa kaunta alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza.

"Bibi, kampuni ile iliuzwa. Habari za vibarua wa zamani hatuna," akasema. "Nikusajilie laini?"

Nilimshukuru nikatoka. Nilisimama nje kwa muda, watu wakinipita na simu zao masikioni. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Kumbe hapakuwa na mtu wa kunifokea, na wa kunisamehe pia hayupo hapo. Iliyobaki ni Iwawa.

Kwa hiyo nimemwomba mpwa wako nafasi, kwa kupitia dereva. Amejibu: "Bibi atasema baada ya mchungaji." Hajui nitasema nini, nadhani anategemea hadithi za Makambako. Nimeyaandika maneno, mafupi, ili sauti ikikatika yawe yamekwisha:

"Luvanda hakuufunga waya ule. Niliufunga mimi, shambani kwangu, kwa fundo alilonifundisha yeye. Alisema ni yeye ili nisihamishwe. Nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Naomba wasifu wake urekebishwe, na jina lile msimwite tena."

Nimeyasoma jikoni mara tano. Mara ya kwanza sikumaliza. Leo nimemaliza.

Lori la kurudi linaondoka Iwawa saa tisa. Nimemwambia dereva aniwekee nafasi, endapo nitaihitaji. Akauliza, "Bibi, si huwa unalala kwa Mama Eda?" Nikamwambia safari hii sijui.

Kaka, nakuaga sasa, maana Jumamosi nitakuwa nazungumza na walio hai na sitaweza kukugeukia. Siahidi kwamba sitalia, wala kwamba watanielewa. Naahidi hili: sitapanda lori lile kabla sijasema, hata mvua ikinyesha, hata Eda akinishika mkono kunikaribisha. Na nikirudi Yakobi bila ndugu, nitakuwa nimekuacha kwenu ukiitwa fundi.

Dada yako wa Makambako